Msikiti Ukiingia Mtandaoni: Mwongozo kwa Kamati, Walimu wa Madrasa na Vijana wa Kompyuta

Misikiti mingi ya Janga, mkoani Pwani, na maeneo mengine ya Kibaha na Kisarawe iliingia mtandaoni bila kikao chochote kuamua hivyo. Mweka hazina alitoa namba yake ya simu ili ndugu walioko Dar es Salaam watume mchango wa bati. Ustadhi akafungua kundi la WhatsApp la wazazi wa madrasa. Kijana mmoja akaanza kurusha khutba ya Ijumaa Facebook, na mfadhili akaleta kamera baada ya spika kuibwa. Kila jambo lilifanywa kwa nia njema. Tatizo huonekana baadaye: mweka hazina anafariki na salio limo kwenye laini yake, kijana anahamia Mwanza na nywila zote, na picha ya yatima akipokea mchele imeshafika kwa watu asiowajua.

Eneo lenyewe pia linabadilika. Treni ya SGR, bandari kavu ya Kwala, viwanda na viwanja vinavyouzwa kila upande wa Barabara ya Morogoro vimeleta waumini wasiofahamiana. Zamani mweka hazina ulimjua tangu kwa babu yake. Leo anayechangia huenda hajawahi kumwona hata kwa sura.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni: mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Wanaoambiwa hayo ni walioamini, watu ambao tungetarajia waaminiane kwa neno tu. Kumbe uaminifu nao huwekewa utaratibu, ili mwema asisingiziwe na dhaifu asipate mwanya. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Kwa kila chombo mnachokiingiza msikitini, jiulizeni: nani anakishika, nani anaona kilichomo, na nani ataulizwa kikiharibika? Ambapo jambo linahitaji fatwa, mpelekeeni sheikh wenu. Haya ni ya utekelezaji.

1. Fedha: namba ya nani?

Anzeni hapa, kwa sababu hapa ndipo ugomvi huanzia. Msipokee mchango wa msikiti kwenye laini binafsi ya mtu, hata akiwa imamu. Laini ya simu Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA cha mtu mmoja. Huyo ndiye mwenye fedha mbele ya kampuni ya simu na mbele ya warithi wake. Akifariki leo, kamati haina cha kuonyesha isipokuwa maneno.

Njia iliyo salama ni akaunti ya benki kwa jina la msikiti, yenye watia saini watatu ambao wawili kati yao lazima watie saini, pamoja na lipa namba inayoingiza fedha humo. Anayelipa ataona jina la msikiti kabla hajaweka namba ya siri. Masharti hutofautiana, kwa hiyo nendeni kwenye tawi la benki au duka la kampuni ya simu mkiwa na muhtasari wa kikao, vitambulisho na karatasi za usajili wa msikiti. Kama msikiti una bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, kazi inakuwa nyepesi zaidi. Wanaotaka akaunti isiyo na riba wana mahali pa kwenda: Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na benki kadhaa za kawaida, CRDB ikiwemo kwa huduma yake ya Al Barakah, zimefungua madirisha ya aina hiyo.

Zaka itengwe na sadaka. Wanaostahili zaka wametajwa makundi manane katika Suratut Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi hawaruhusu itumike kununua bati au saruji. Mtumaji aambiwe aandike neno moja, ZAKA au UJENZI, anapotuma, na mweka hazina afungue kurasa mbili za daftari. Msipotenganisha siku ile ile, hamtaweza tena.

Kuna hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inayomgusa kila mshika simu ya msikiti. Mtume alimtuma mtu mmoja kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akauliza, mbele ya watu, kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama angeletewa zawadi. Basi bonasi ya muda wa maongezi, gawio la kampuni ya simu, na kamisheni yoyote inayozaliwa na fedha za msikiti si mali ya aliyeishika simu. Iingizwe daftarini, na kama sehemu yake ina shaka ya riba, sheikh aulizwe iende wapi.

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, soma jumla: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Bandika karatasi ubaoni. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini majina ya wachangiaji yasibandikwe bila ridhaa yao. Mtindo wa kunakili orodha kwenye kundi, fulani elfu kumi, fulani elfu mbili, unamfedhehesha asiye nacho na unamfanya mwenye nacho achangie kwa ajili ya orodha. Aya ya 271 ya Baqara inaikubali sadaka ya wazi na kuipa ya siri ubora zaidi. Mpe kila mchangiaji namba ya stakabadhi. Ajitafute mwenyewe kwenye orodha ya namba.

Wafundisheni pia waumini kujikinga. Ile meseji maarufu ya "ile hela tuma kwenye namba hii" bado inawapata watu, hasa wazee waliozoea kutumiana fedha na watoto wao. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, huduma inayosimamiwa na TCRA. Na kila mmoja apige *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aende kwenye duka la kampuni husika aifute.

Mikopo ya simu nayo izungumzwe msikitini, kwa sababu kausha damu sasa inatembea mfukoni. Mbali na riba, baadhi ya programu hizo hunyonya majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa huwatumia ndugu, bosi na mkwe wako meseji za kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kukemea peke yake hakumsaidii mama mwenye mtoto mgonjwa usiku. Anzisheni mfuko mdogo wa mkopo mwema, usio na nyongeza, wenye mkataba wa ukurasa mmoja na mashahidi wawili, na aliyekwama apewe muda kama inavyoelekeza aya ya 280 ya sura hiyo hiyo.

2. Daftari la majina: chukua kidogo, funga vizuri

Madrasa inaandikisha watoto. Msikiti una orodha ya yatima, wajane na wagonjwa. Orodha hizo zikiwa kwenye kaunta-buku ndani ya kabati, aliyeziona ni mmoja au wawili. Zikiwa kwenye simu, zinaweza kuonwa na nchi nzima kabla ya adhana ya alasiri.

Kanuni ya kwanza ni kutouliza usichokihitaji. Ili mtoto asome juzuu, unahitaji jina lake, umri, jina na simu ya mzazi, na kama ana ugonjwa unaohitaji msaada wa haraka kama pumu au kifafa. Huhitaji kujua baba yake alikufa kwa nini, mama yake aliachika lini, wala nyumba yao ina vyumba vingapi. Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kupekuana na kusengenyana kwa pumzi moja, na ni kweli kwamba la kwanza hulisha la pili.

Sheria ya nchi inasema karibu na hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inaziweka taarifa za watoto katika fungu la taarifa nyeti, na inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili, waeleze wanazikusanya kwa nini, na wasizitumie kwa jambo jingine. Kamati iulize Tume wajibu wake ni upi badala ya kudhani kwamba nyumba ya ibada haihusiki.

Kwa vitendo, fanyeni hivi. Mzazi atie saini fomu ya kuandikisha mtoto, na ndani yake aseme ndiyo au hapana kuhusu picha. Orodha ikae kwenye kompyuta au simu moja ya madrasa yenye nywila, na nakala ya pili kwenye flashi iliyofungiwa kabatini. Isitumwe kwenye kundi, hata kama mfadhili anaiomba haraka. Mfadhili wa yatima apewe idadi, umri na mahitaji; majina ayapate kwa makubaliano ya maandishi. Mtoto akihitimu au akihama, taarifa zake zifutwe baada ya muda mliokubaliana.

Jambo moja lisiachwe kwa aibu. Mwalimu asiwasiliane na mtoto faraghani kwa simu, awe wa kike au wa kiume. Ujumbe wa madrasa upite kwa mzazi au kwenye kundi la wazazi. Utaratibu huu unamlinda mtoto, na unamlinda pia ustadhi mwema dhidi ya tuhuma.

3. Picha na kamera

Sahl bin Saad amepokea kisa ambacho Bukhari amekihifadhi. Mtu alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume, naye Mtume alikuwa na kitana mkononi akijikuna kichwa. Akamkemea vikali, akaeleza kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya jicho. Kamera ni jicho lisilopepesa, na hodi yake ni ridhaa ya anayepigwa picha.

Kamera za ulinzi zielekee mlangoni, kwenye sanduku la sadaka, kwenye chumba cha mashine na maegesho ya pikipiki. Zisielekee mahali pa kutawadhia, vyooni, wala upande wa akina mama. Bandika tangazo linaloonekana kwamba kuna kamera. Picha zifutike zenyewe baada ya mwezi mmoja, na anayetaka kuzitazama azitazame pamoja na mjumbe mwingine, tarehe na sababu vikiandikwa. Kamera ikitumika kuhesabu nani hakuja alfajiri, imeshaacha ulinzi na kuwa upekuzi.

Anayerusha khutba alenge mimbari. Watu walioko safuni hawakuja kuonyeshwa, na miongoni mwao yupo aliyetoroka kazini, mgonjwa asiyetaka ijulikane ameshikwa mkono, na aliyesilimu juzi ambaye nyumbani kwao hawajui.

Lenye uzito zaidi ni picha za misaada. Kila Ramadhani huonekana wazee wamepangwa mstari, kila mmoja ameshika mfuko wa sukari, mfadhili katikati akitabasamu. Aya ya 264 ya Baqara inaonya kwamba masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka, na picha hiyo ni simbulizi litakalokaa mtandaoni miaka na miaka, hata wajukuu wa yule mzee walione. Mfadhili anayetaka ushahidi apewe picha ya magunia kabla hayajagawiwa, risiti ya duka, na orodha iliyosainiwa na wapokeaji ambayo ataiona ofisini. Akisema bila sura za watu hatoi, kikao kiamue kama msaada huo unafaa kwa bei hiyo.

Video ya mtoto aliyekosea kusoma, iliyowekwa TikTok ili watu wacheke, ifutwe leo. Hali kadhalika ya mtoto anayeadhibiwa. Anayeirekodi na anayeisambaza wote wana cha kujibu.

4. Kundi la WhatsApp

Kundi la msikiti lina manufaa makubwa: msiba unatangazwa, mgonjwa anapata damu, maji yanaletwa. Ili libaki hivyo, liwe na maadmini wawili wanaojulikana na kanuni fupi zisizozidi ukurasa mmoja.

Habari isiyo na chanzo isipite. Suratul Hujurat, aya ya 6, inaamuru kuchunguza habari iliyoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Katika utangulizi wa Sahihi yake, Imamu Muslim amepokea kwamba inamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Elimu nzima ya hadithi ilisimama juu ya swali moja: umeipokea kwa nani, na yeye kwa nani? Umma uliojengewa elimu hiyo hauna udhuru wa kusambaza sauti isiyo na mwenyewe iliyoandikwa juu "imefowadiwa mara nyingi".

Mtihani mkubwa hutokea usiku wa kutafuta mwezi. Barua yenye nembo hutengenezwa kwa simu ndani ya dakika chache. Kundi likubaliane mapema kwamba tangazo la mwandamo litawekwa na imamu peke yake, baada ya kulisikia au kulithibitisha mwenyewe kwa wanaohusika. Wengine wangoje. Vivyo hivyo taarifa ya kifo: isiwekwe kabla familia haijaridhia, maana yupo mtoto aliyeko safarini ambaye hastahili kuijua kwa meseji.

Sheria pia ina meno. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamgusa anayechapisha taarifa akijua ni za uongo na kwa nia mbaya. Faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini mwenye imani hangoji polisi wa mtandao. Suratun Nur, aya ya 15, inawasema watu waliokuwa wakirushiana habari kwa ndimi zao wakiliona jambo jepesi, nalo kwa Mwenyezi Mungu ni kubwa.

Kisha matangazo ya viwanja. Ukiwa Janga au Mlandizi huwezi kuyakwepa, na madalali wengi ni waumini wenzako. Mtume alipita sokoni Madina, akatia mkono kwenye rundo la chakula, akakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Aliulizwa kwa nini hakuuweka juu watu wauone, akaambiwa kwamba anayeghushi si katika sisi. Rundo la leo ni picha iliyopigwa kiangazi ya kiwanja kinachojaa maji masika. Basi tangazo lipite kundini likiwa na haya: mwenye kiwanja ni nani, nyaraka iliyopo ni hati au ni karatasi ya mauziano, kimepimwa au hakijapimwa, umbali kutoka lami kwa kilomita na siyo "dakika tano", masika kunakuwaje, na kamisheni ya dalali ni kiasi gani. Mnunuzi naye asilipe kabla hajafika kwenye kiwanja chenyewe, kuzungumza na majirani wa mipakani, na kupita ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa na ofisi ya ardhi ya halmashauri.

5. Saa ya swala na kibla kwenye simu

Programu za nyakati za swala ni neema kwa anayejua kuziweka sawa. Mambo manne yaangaliwe.

Mahali kwanza. Simu iliyowekwa Dar es Salaam haikupi saa ya Janga. Kila digrii moja ya longitudo ni dakika 4 za jua, na Mlandizi iko magharibi ya jiji kwa takribani nusu digrii. Jua huku huzama kama dakika 2 baadaye. Kwa kazi za kila siku si kitu; kwa mfungaji, adhana ya magharibi inayotoka redioni jijini inaweza kumfikia jua lake halijazama. Ruhusu programu isome mahali ulipo, au andika Mlandizi.

Pili, mbinu ya hesabu. Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu huhesabu alfajiri jua likiwa digrii 18 chini ya upeo, na jumuiya ya Waislamu wa Amerika Kaskazini, ISNA, hutumia 15. Karibu na ikweta, digrii 3 ni kama dakika 12, na dakika 12 za daku ni nyingi. Imamu achague mbinu moja, aitangaze, na wote waweke hiyo.

Tatu, alasiri. Programu huuliza Shafii au Hanafi. Wengi wa pwani yetu ni Mashafii. Ukigusa Hanafi kwa bahati mbaya, alasiri yako itachelewa karibu saa nzima.

Nne, kibla. Kutoka Janga, Makka iko kaskazini kabisa, ikielekea mashariki kwa takribani digrii 2 tu. Dira ya simu hupotoshwa na nondo, bati, spika na hata sumaku ya kava. Mnapojenga msikiti mpya, msiitegemee peke yake. Mei 27 au 28 saa 6:18 mchana, na Julai 15 au 16 saa 6:27 mchana, jua huwa juu ya Kaaba, na saa za Makka ni sawa na zetu. Simamisheni mti ulionyooka mahali pa wazi: ukielekea jua kwa kuufuata mstari wa kivuli, umeelekea kibla. Kivuli hicho hakihitaji bando.

6. Akili mnemba na maswali ya dini

Vijana tayari wanaiuliza akili mnemba kuhusu talaka, mirathi na masharti ya udhu, nayo hujibu kwa lugha laini na uhakika mkubwa. Mashine hizo hupanga maneno kwa kukisia yanayofuatana, na zinaweza kukutungia hadithi pamoja na namba yake. Maandishi ya Kiswahili zilizojifunzia ni machache kuliko ya Kiingereza au Kiarabu, kwa hiyo kwetu hatari ni kubwa zaidi.

Zitumieni kwa kazi ambazo kosa lake linaonekana: kupanga ratiba ya madrasa, kuandika barua kwa halmashauri, kujumlisha michango, kutafsiri maelekezo ya mashine. Kwa aya, rudini kwenye msahafu na tafsiri zinazojulikana, kama ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969, au ya Ali Muhsin Al-Barwani. Kwa hadithi, kitabu na mlango vionekane kwa macho kabla hazijapanda mimbari. Kwa mirathi na talaka, mashine inaweza kukusaidia kuandaa maswali utakayompelekea kadhi au sheikh, ikaishia hapo. Mtoa fatwa ni mtu anayeweza kuulizwa na kuhojiwa. Programu haitasimama mbele ya mtu yeyote kujibu. Wala msiipe majina na siri za watu mnapoiuliza.

7. Kijana wa kompyuta

Kila mtaa unaye: anayetengeneza simu, aliyesoma kompyuta chuoni, anayejua kuunda tovuti. Kamati na yeye wana haki na wajibu wa pande zote.

Alipwe. Tumeambiwa tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, lakini fundi wa tovuti huambiwa "fi sabilillahi" wakati fundi wa bati analipwa siku hiyo hiyo. Akijitolea kwa hiari yake, aandike hivyo. Mkataba utaje kazi, malipo na muda, na useme kwamba tovuti, kurasa za mitandao, anwani inayoishia na .or.tz na nywila zote ni za msikiti. Nywila ziandikwe, zitiwe kwenye bahasha iliyofungwa, ziwekwe kabatini, na zibadilishwe anayezijua anapoondoka. Mtume alipohama Makka alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib arudishe amana za watu, na baadhi ya wenye amana walikuwa katika mji uliomfukuza. Makabidhiano hayangoji wapendanao.

Kijana naye asiuwekee msikiti programu za wizi. Mwaka 1988 Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikata shauri kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haifai kuzivunja. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta pia. Na programu iliyovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi, ambavyo kesho vitasoma daftari la zaka. Zipo za bure na halali: LibreOffice kwa barua na hesabu, Ubuntu badala ya mfumo wa kununua.

Akijiajiri kutengeneza programu kwa wateja, atakutana na kazi za kila rangi. Wanazuoni, kutoka Ghazali hadi Shatibi, wameeleza kwamba sheria imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Aipitishe kila kazi kwenye chujio hilo. Programu ya kumkumbusha mjamzito siku za kliniki inalinda nafsi na kizazi. Programu ya kumuunganisha mkulima wa mihogo wa Maneromango na mnunuzi wa jiji inalinda mali, ikiwa bei inaonekana kwa pande zote mbili. Tovuti ya kubetia inakula mali na akili kwa pamoja, na aya ya 90 ya Suratul Maida haijaacha nafasi ya kujadiliana. Zilizo katikati ndizo ngumu: duka la mtandaoni linalokusanya namba za wateja ili liziuze, mchezo wa watoto uliotengenezwa wasiweze kuuacha. Hapo atumie hadithi ya kutodhuru wala kudhuriana, na amuulize mwenye kazi kwa maandishi taarifa za watu zitakwenda wapi. Asiyetaka kujibu ameshajibu.

Kikao cha kwanza

Msijaribu yote kwa siku moja. Itisheni kikao baada ya isha, imamu, mweka hazina, mwakilishi wa akina mama, ustadhi na kijana mmoja wa kompyuta wawepo. Andikeni kwenye karatasi kila namba ya simu, kundi, ukurasa, kamera na orodha inayobeba jina la msikiti, na mbele ya kila kimoja jina la anayekishika. Mtashangaa ni vingapi havina jina, au vina jina la mtu aliyehama.

Kisha amueni matatu tu: fedha zihame kutoka laini binafsi kabla mwezi haujaisha, picha za watoto na za wapokea misaada zisizo na ridhaa zifutwe wiki hii, na kanuni za kundi zisomwe Ijumaa ijayo. Mwandishi aandike muhtasari, wawili watie saini, na tarehe ya kukutana tena iwekwe hapo hapo. Yaliyobaki yatapata nafasi yake katika vikao vinavyofuata.